Sawa Mara Ishirini na Nne

Hadi saa tatu asubuhi ya Jumatatu, Inspekta Aikande alikuwa ameisoma ile karatasi mara sita, na kila aliporudia alielewa kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Ilikuwa karatasi ndefu ya kompyuta, yenye matundu pembeni, imefifia wino. Safu mbili za namba zilishuka kutoka juu hadi chini. Ya kwanza iliandikwa KISIMANI, ya pili MAABARA. Mistari ilikuwa ishirini na nne, na mwisho wa kila mstari palikuwa na neno lilelile: SAWA. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: VIPIMO VYOTE SAWA.

Mbele yake, kwenye benchi la mbao, alikaa Tekla, mjane wa Abdiel, amejifunga kanga nyeusi juu ya sweta. Alikuwa ametoka Sokon One kwa miguu, akiwa na daftari dogo la jalada gumu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Hili alilificha ndani ya debe la unga," Tekla alisema. "Nimelikuta jana nilipokuwa napika ugali wa wageni wa msiba."

Aikande alilifungua. Mwandiko wa marehemu ulikuwa mdogo na umenyooka. Februari 1996, kisima cha Oldonyo Sambu, madini ya floraidi. Halafu namba: 9.1, 8.8, 9.4, 9.0, zikaendelea hivyo hadi zikatimia ishirini na nne.

"Alikuambia nini kuhusu namba hizi?"

"Wiki ya mwisho hakuwa analala vizuri. Nikamuuliza, Baba Elia, una nini? Akasema, 'Tekla, zile namba si ndugu. Zimefanywa ndugu.' Nikadhani ni malaria imempanda kichwani."

"Hakusema nani amezifanya ndugu?"

"Hapana."

Siku nane zilikuwa zimepita tangu mwili wa Abdiel uokotwe chini ya korongo, hatua mia mbili hivi kutoka kwenye kisima alichokuwa amekipima yeye mwenyewe. Fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Daktari aliandika kwamba huenda alianguka, na huenda alipigwa. Polisi wa doria walimkamata mlinzi wa kisima, mzee mmoja aitwaye Meitamei, kwa sababu alikutwa na baiskeli ya marehemu. Jumatano angepandishwa mahakamani kwa mauaji.

Mrakibu Solomoni, mkuu wake Aikande, alikuwa ameshaandaa jalada. "Mlinzi alitaka baiskeli," alisema Ijumaa. "Wewe unatafuta nini tena?"

Aikande alitafuta sababu ya Abdiel kurudi kisimani siku ya Jumamosi, miezi saba baada ya kazi kwisha. Aliishika ile karatasi tena, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti.

"Sifuri nukta sifuri moja. Sifuri nukta sifuri sifuri. Sawa."

Akatazama daftari. Tisa nukta moja.

"Mama Elia, mume wako aliandika tisa. Hapa kuna sifuri. Tisa iko wapi?"

Tekla alitikisa kichwa. "Mimi niliishia darasa la saba, dada. Nilidhani wewe ndiye utakayeniambia."

*

Ofisi ya kampuni ya visima ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri. Mhandisi Melkizedeki alimpokea mlangoni, akamvutia kiti, akaagiza chai. Alikuwa mtu wa Kibosho, mnene kiasi, shati lake limepigwa pasi hadi kwenye kola. Alipolisikia jina la Aikande alitabasamu.

"Wa Machame bila shaka. Tumekuwa majirani bila kujuana."

"Nimekuja kwa ajili ya karatasi hii," Aikande alisema, akaikunjua juu ya meza. "Nieleweshe kama mtoto wa shule."

Mhandisi alivaa miwani. "Kisima kile kimechimbwa kwa fedha za wafadhili. Maji ya upande ule wa Meru yana floraidi nyingi, unajua mwenyewe. Umeona meno ya watu, umeona miguu ya watoto. Sasa wafadhili walitaka mambo mawili. La kwanza, maabara iseme floraidi haizidi nne. La pili, vipimo vya maabara vikubaliane na vile vilivyopimwa palepale kisimani, ili wajue chupa zilizokwenda maabara ni za kisima hicho kweli. Abdiel alipima kisimani mara ishirini na nne. Akapeleka maabara chupa ishirini na nne. Kompyuta ikalinganisha moja moja. Sawa, sawa, sawa."

"Mstari wa kwanza una sifuri nukta sifuri moja na sifuri nukta sifuri sifuri. Hizo si namba mbili tofauti?"

Mhandisi alicheka kidogo, bila dharau. Alifungua droo akatoa futi ya chuma.

"Nipimie meza hii."

Aikande alipima. "Sentimita mia hamsini na mbili nukta tatu."

"Nipe na mimi." Mhandisi alipima kwa utaratibu. "Mia hamsini na mbili nukta sita. Je, meza imekua tangu uniachie futi?"

"Hapana."

"Basi ndivyo vipimo vilivyo, Inspekta. Ukipima kitu kimoja mara mbili hupati namba ileile. Mkono unatikisika, jicho linakosea, chombo kina yake. Mtu anayedai namba zilingane hadi mwisho hajawahi kupima kitu. Kinachotakiwa ni zikaribiane. Hizo zimekaribiana."

Aikande alirudisha futi mezani. Alikuwa ameona kwa macho yake: meza ni ile, namba ni mbili.

"Daftari la Abdiel lina tisa," alisema.

Kikombe cha mhandisi kilisimama kabla hakijafika mdomoni, halafu kikaendelea. "Daftari lipi?"

"Lake. Tisa nukta moja, nane nukta nane."

"Aliandika kwa miligramu. Karatasi hii ni gramu. Gawanya kwa elfu." Alikunywa chai. "Inspekta, nisingependa kumsema marehemu. Lakini tangu apunguzwe kazi serikalini, Abdiel hakuwa yule tuliyemjua. Mimi nilimchukua wakati hakuna aliyemtaka. Mwaka huu alianza kunywa. Alikuwa anagombana na kila mtu, hata na yule mlinzi, Mmasai wa watu."

"Mwarusha," Aikande alisema. "Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Alhamisi kabla ya kifo. Jumamosi nilikuwa Moshi, harusi ya binamu yangu. Nilikaa hadi Jumapili."

Aikande aliandika neno *Moshi*. Alipokuwa ameshafika mlangoni aligeuka.

"Nani aliandika hiyo programu ya kulinganisha?"

"Kijana mmoja ana chumba cha kompyuta Kaloleni. Derick. Nyuma ya uwanja wa mpira. Atakuambia hayohayo."

*

Derick alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na alifanya kazi bila viatu, kwa sababu vumbi, alisema, ndilo adui wa kwanza wa kompyuta. Chumba chake cha kupanga kilikuwa na mashine mbili, zote zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama redio za kina mama. Mlangoni palikuwa na kibao: TUNACHAPA BARUA, TUNAFUNDISHA KOMPYUTA.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Vua hicho kitambaa, nina maswali."

Derick alisikiliza maswali yote bila kukatiza. Mwisho alikuna shingo.

"Kusema kweli, afande, tatizo halikuwa kusema *sawa*. Mwanzoni programu ilikataa kusema *sawa* hata kidogo. Mhandisi alikuja hapa amekasirika. Ngoja nikuonyeshe."

Aliwasha mashine. Iliguna, ikapiga mlio, ikachukua muda. Akaandika mistari michache.

"Nimeiambia hivi: chukua sehemu moja ya kumi, jumlisha mara kumi. Jibu ni ngapi?"

"Moja."

"Tuiulize kama jibu lake ni sawa na moja."

Alibonyeza. Kwenye kioo zikatokea namba mbili, 1.00 na 1.00, na mbele yake maneno mawili: SI SAWA.

Aikande alisogeza kiti. "Imeharibika?"

"Nzima kabisa. Ndani yake kompyuta haiwezi kuihifadhi sehemu ya kumi kikamilifu. Inahifadhi kitu kinachokaribia. Ukijumlisha mara kumi, kale kakasoro kanajikusanya. Kwenye kioo nimeiambia ionyeshe tarakimu mbili tu baada ya nukta, kwa hiyo wewe unaona moja na moja. Yenyewe inaona hadi mwisho, na mwishoni hazifanani. Kompyuta haina msamaha, afande."

"Kwa hiyo hapa kuna moja na moja, si sawa. Na kwenye karatasi yangu kuna sifuri moja na sifuri sifuri, sawa."

"Ndiyo."

"Derick, unanichanganya kwa makusudi?"

"Hapana, afande! Ndiyo maana nikaiwekea msamaha. Ni jina langu mwenyewe. Nimeiambia: chukua namba ya kwanza, toa ya pili. Tofauti ikiwa ndogo kuliko kiasi fulani, samehe, sema sawa. Ikizidi, kataa. Wenzetu wote wanafanya hivyo, si uongo."

Aikande alikumbuka meza ya mhandisi. Nukta tatu ya sentimita. Nani angempeleka mtu mahakamani kwa nukta tatu?

"Kiasi gani?"

"Nukta tatu."

"Nukta tatu ya nini?"

Derick aligeuka kukitazama kioo.

"Nimeuliza nukta tatu ya nini. Ya kilo? Ya debe?"

"Ya… namba tu, afande. Kompyuta haijui kilo. Inajua namba."

Nje, muuza mkaa alipita akinadi. Inspekta hakuwa msomi wa hesabu, lakini alikuwa amelea watoto wawili na alishanunua vitu vingi sokoni kwa mizani za kila aina. Alizungumza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Nikinunua gunia la mahindi, likipungua robo kilo, sisemi kitu. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Nikinunua robo kilo ya nyama, ikapungua robo kilo?"

"Utakuwa hujapewa nyama."

"Lakini msamaha ni uleule. Robo kilo."

Derick alikuwa anakitazama kibodi.

"Hizi namba za karatasi ni ndogo," Aikande alisema. "Zote zinaanza na sifuri nukta sifuri. Mimi naona msamaha wako ni mkubwa kuliko namba zenyewe. Ifungue hiyo programu. Weka vipimo vya kisimani kama vilivyo. Kwenye maabara, weka sifuri."

"Sifuri zote?"

"Zote ishirini na nne. Maji yasiyo na chochote."

Derick aliandika. Vidole vyake, vilivyokuwa vikikimbia dakika chache zilizopita, sasa vilikwenda kimoja kimoja. Akabonyeza. Neno likashuka kwenye kioo kama mvua ya mawe: SAWA, SAWA, SAWA. VIPIMO VYOTE SAWA.

"Sasa weka mia. Miligramu mia."

"Hakuna kisima cha namna hiyo, afande. Labda Ziwa la Momela…"

"Weka."

Aligawa kwa elfu, akaweka. SAWA, SAWA, SAWA.

Derick aliondoa mikono kwenye kibodi, akaifuta kwenye suruali. "Mungu wangu," alisema. "Haikuwa inalinganisha kitu chochote."

"Ilikuwa inaitikia tu." Aikande aliegemea nyuma. Badala ya kuona mwanga aliona ukungu mwingine. Kama mashine ilisema ndiyo kwa kila kitu, basi ile karatasi haikuthibitisha lolote, si kwamba maji ni mazuri, wala kwamba ni mabaya. "Iweke kwa miligramu. Msamaha ubaki nukta tatu. Mimi nitakusomea daftari la marehemu, wewe una za maabara?"

"Ninazo kwenye diski."

Alimsomea namba ishirini na nne. Walichukua robo saa, kwa sababu Derick alirudia kila moja mara mbili. Kioo kilipojibu, safu zilisimama wazi kwa mara ya kwanza. 9.10 na 3.20. SI SAWA. 8.80 na 3.10. SI SAWA. 9.40 na 3.40. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliokaribiana. Si suala la mkono kutikisika. Yalikuwa maji mawili tofauti.

"Chupa zilizokwenda maabara hazikujazwa kisimani," Aikande alisema. Mhandisi alikuwa amesema kweli kuhusu meza, na ukweli huo ndio alioutumia kama pazia. Sasa picha ilikuwa inakaa: mhandisi anabadilisha vipimo viwe gramu, mashine inakubali kila kitu, Abdiel anagundua, Abdiel anakufa. "Ilikuwa kwa miligramu mwanzoni, siyo? Mhandisi alikuja lini kukuambia ubadilishe?"

"Si mhandisi."

"Nani?"

Derick alisimama, akavuta boksi la viatu chini ya meza. Alikuwa mtunza karatasi. Alipekua risiti na barua, akatoa kipande kilichochanwa kwenye daftari. Aikande aliutambua mwandiko kabla hajakishika. Mdogo, umenyooka.

*Derick, badilisha iwe gramu. Usiguse kitu kingine. Abdiel.*

Alikisoma mara mbili, akakigeuza nyuma kana kwamba jibu lingekuwa huko. Nyuma palikuwa patupu.

"Alikuja mwenyewe," Derick alisema. "Machi mwanzoni. Hakukaa hata kunywa maji. Nilimuuliza kwa nini, akasema, 'Wewe fanya.'"

*

Mzee Meitamei aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amejifunika shuka yake nyekundu, mikono ndani. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia iliyokolea, kama ya watu wengi wa rika lake waliokulia upande ule wa mlima. Alimtazama Aikande, akamsalimu taratibu kwa lugha yake, "Takwenya."

"Iko," Aikande aliitikia, kwa sababu hilo alilijua. "Mzee, maelezo yako nimeyasoma. Uliwaambia polisi marehemu alikupa baiskeli ili ufunge kisima. Hawakukuelewa. Leo nataka kuelewa."

"Hawakuuliza mara ya pili."

"Mimi nauliza."

Meitamei alifikiri. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua neno moja moja. "Alikuja Jumamosi, mchana. Akakuta akina mama wanateka. Akatoa spana, akafungua mkono wa pampu. Akina mama wakapiga kelele. Akasema, maji haya yatapinda mifupa ya watoto wenu. Wakasema, wewe ndiye uliyetuambia ni mazuri. Akasema ndiyo."

"Alisema ndiyo?"

"Alisema, ni mimi niliyewadanganya. Chupa zile nilijaza chemchemi ya juu, msituni. Nilikuwa naogopa kukosa kazi tena." Mzee alitoa mkono mmoja nje ya shuka, akaulaza mezani. "Alikuwa analia, mama. Mtu mzima. Akasema ameshamwambia mkubwa wake, Alhamisi, kwamba Jumamosi atafunga kisima, na mkubwa amekataa."

"Halafu?"

"Akanipa baiskeli. Akasema, wahi kamwite mtendaji wa kata, aje afunge kisima kwa amri. Nikaenda. Mtendaji hayuko, yuko mnadani. Nikaenda mnadani, sikumwona. Ikawa jioni, nikalala kwa ndugu yangu. Asubuhi nikarudi. Akina mama walikuwa wanateka."

Aikande aliacha kuandika. "Walikuwa wanateka vipi? Mkono wa pampu alikuwa ameufungua."

"Ulikuwa mahali pake."

"Nani aliurudisha?"

"Mimi sikuwepo. Nilikwenda kuangalia mbuzi kwenye korongo, nikamwona Abdiel amelala. Nikaja kusema. Mkanikamata."

Aikande alifunga jalada. Katika orodha ya vitu vilivyookotwa pembeni ya mwili palikuwa na spana, kofia na kiatu kimoja. Mkono wa pampu haukuwemo, na ni chuma cha urefu wa mtu kuanzia kiunoni hadi chini. Abdiel asingeurudisha mwenyewe baada ya kuungoa akilia.

*

Jumanne asubuhi Landrova ya polisi ilipanda hadi Oldonyo Sambu, ikiendeshwa na Konstebo Bariki, ambaye alikohoa vumbi njia nzima. Mlima Meru ulikuwa nyuma yao sasa, nao walikuwa upande ule mkavu. Kisimani palikuwa na foleni ya wanawake, punda sita na madumu ya manjano. Pampu ilikuwa inalia *kwii, kwii*.

Aikande aliuliza nani aliyekuwepo Jumamosi ile. Walitazamana. Mwanamke mmoja, mrefu, amembeba mtoto mgongoni, aliacha kupampu. Aliitwa Namelok.

"Tulikuwepo wote. Yule fundi alitufungia maji. Tukamtukana, Mungu atusamehe. Akaondoka na ule mkono begani, akakaa kule juu ya korongo, peke yake. Tukarudi nyumbani na madumu matupu."

"Mkono ulirudije mahali pake?"

"Mhandisi aliuleta."

"Mhandisi yupi?"

"Mnene. Wa gari jeupe. Mwanangu alikuja mbio akasema gari limekuja, nikatoka. Ng'ombe walikuwa bado hawajarudi zizini. Alikuwa peke yake, amepiga magoti hapa, anakaza nati. Shati lake limelowa mbele. Akasema, 'Mama, nimewaletea mkono mpya. Tekeni.'"

"Jumamosi? Si Jumapili?"

"Jumapili tulikuwa kanisani. Ni Jumamosi."

Bariki alitazama Inspekta wake. Aikande alikuwa ameshachuchumaa kando ya pampu.

"Na ulikuwa mpya?"

Namelok alivuta midomo. Alilaza kiganja juu ya chuma, akaonyesha pengo dogo karibu na ncha. "Hapa shoka la mume wangu liligonga mwezi wa sita. Mpya una pengo la zamani? Mimi nilikuwa nimeufunga kitambaa cha buluu, unatuchubua mikono. Alipourudisha, kitambaa hakipo. Na chuma kimeoshwa. Kilikuwa kinang'aa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani alikuja kuuliza? Polisi walimchukua mzee Meitamei wakaondoka." Alisita. "Na maji yalikuwa yanatoka."

Aikande alimwambia Bariki arudi kwenye gari, aite kituo kwa redio: mhandisi Melkizedeki akamatwe ofisini kwake, na mzee Meitamei asipandishwe mahakamani kesho. Kabla hajaondoka, akamwomba spana. Nati ilikuwa imekazwa na mtu mwenye haraka, imekaa upande. Ilimchukua muda. Mkono wa pampu ulipotoka ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, akauzungushia gunia safi bila kuugusa kwa viganja.

Foleni nzima ilikuwa imemzunguka.

"Mama polisi," Namelok alisema, "unaupeleka wapi?"

"Ni ushahidi."

"Utaurudisha lini?"

"Sitaurudisha. Maji haya si mazuri. Fundi alisema kweli siku ile."

"Siku ile alisema ni mabaya. Mwezi wa tatu alisema ni mazuri. Ni mtu mmoja, ni maji yaleyale, na ladha ni ileile." Hakuwa anabisha, alikuwa anauliza. "Tushike lipi?"

Aikande alilitoa lile daftari kwenye mfuko wa koti, akamwonyesha namba za tisa. Namelok aliziangalia kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu wa mtu mwingine. Hakuwa anasoma. Aikande akalirudisha mfukoni.

"Chemchemi ya juu ni mwendo gani?"

"Kwenda na kurudi, kutwa nzima."

"Nitaomba gari la maji kutoka mjini."

"Litakuja lini?"

Aikande alitaka kusema kesho. "Sijui," alisema.

Wanawake walianza kuondoka mmoja mmoja, wakiswaga punda wenye madumu matupu yanayogongana. Namelok alibaki wa mwisho. Alikuwa na ndoo mbili alizokuwa ameshajaza kabla gari halijafika. Alizitazama, akamtazama mtoto aliyelala mgongoni, miguu yake midogo imetokeza huku na huku kwenye kanga.

Akainama, akamwaga ndoo moja. Ya pili akajitwika, akaondoka nayo.